Daftari la Viuno

Daftari langu lina jalada la buluu,
pembe zimeliwa na mende, kurasa zanuka mafuta ya cherehani.
Humo nimeandika viuno vya Barabara ya Kumi na Mbili
tangu nilipofungua kibanda hapa Ngamiani.

Mwalimu Semhando, inchi thelathini na moja.
Suruali ya kijivu, na aliniomba
mguu wa kulia niubane, usiliwe na mnyororo wa baiskeli.
Pongwe kwenda, Pongwe kurudi,
shati limemganda mgongoni,
akifika kwangu kwanza anaomba maji.

Mwaka uliofuata, thelathini na tatu.
Kapata cheo. Cheo kina kiti kinachozunguka,
kiti kina chai ya saa nne,
chai ina chapati mbili, na sukari ya kukoroga mpaka kijiko kisimame.

Mwaka wa bodaboda, thelathini na sita.
Mguu wa kulia haukuhitaji kubanwa.
"Baiskeli je, mwalimu?"
"Ipo uani. Kuku wanailalia."
Nami nikasema tulichokuwa tukisema wote:
"Umenawiri! Mji umekukubali."
Akacheka, akajipiga tumbo
kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.

Bi Mwanamkasi hakuwa na cheo wala kiti.
Yeye alikaanga. Vitumbua alfajiri, sambusa jioni,
na kilichovunjika, kilichoungua ukingo, kilichokosa mteja,
hakikutupwa. Angetupaje jasho lake?
Kilishushwa kwa soda baridi, kwa wima, mwiko mkononi.
"Leo sijala," huniambia nikimzungushia futi,
wala hadanganyi: hajakaa kitako akala.
Gauni lake la Maulidi nimelitanua mara tatu.
Fundi huacha akiba ndani ya mshono;
mara ya nne nilifumua, nikatafuta akiba,
nikakuta uzi tu.

Na watoto. Zamani sare nilishusha pindo,
mtoto karefuka, mama analalamika.
Siku hizi nafungua kiuno.
Kiwanja chao cha mpira kimejengwa ghala,
jioni ni simu, na chipsi kwenye mfuko wa nailoni
unaotoa jasho kuliko anayekula.

Jumatatu mwalimu kaja, katokea Bombo,
karatasi ya hospitali kaikunja mara nne.
Nikampima. Arobaini na mbili.
Akasema, "Nipe hilo daftari."
Tukalisoma pamoja, kichwa kwa kichwa,
kama watu wanaotafuta kosa kwenye hesabu ya duka.
Inchi moja. Inchi moja. Moja na nusu, mwezi wa harusi ya bintiye.
"Mbona sioni siku niliyonenepa?"
Sikuwa na jibu. Nani alishaogopa inchi moja?

Kisha akatazama chini ya meza yangu.
Zamani nilikanyaga pedali, kutwa, nyayo zikawaka moto;
sasa mota inaunguruma, miguu yangu imelala
kama paka wawili karibu na sahani ya kashata.
"Na wewe, fundi, ukurasa wako uko wapi?"

Miaka kumi na tisa, sikuwa nao.
Akachukua futi. Nilivuta pumzi ndani;
akangoja, mwalimu anajua kungoja,
mpaka nikaitoa.
Akaandika kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa ubaoni:
arobaini na moja.

Hatukucheka, na hatukuapa.
Adhana ya alasiri ikaita. Bi Mwanamkasi akapita na beseni lake,
harufu ikaingia bila hodi, na sote wawili tuligeuka.

Mlangoni akasimama.
"Ile suruali mpya," akasema, "mguu wa kulia, ubane."
Sikumuuliza kama tairi zina upepo.
Nikatafuta chaki.