Mpira Haupo

Nimechora kuku wengi kuliko waliowahi kufugwa Isevya.
Nimechora nyembe, vichwa vya kinyozi vinavyotazama upande,
soda yenye jasho, ng'ombe mwenye ramani ya nyama ubavuni,
na MKOPO NJOO KESHO, mara saba, kwa rangi ya mafuta.
Kwa hiyo Mwalimu Ntabaye aliponiambia,
"Tunataka msichana anayepiga besiboli, ukuta wa kaskazini,"
nilitaja bei kabla sijauliza besiboli ni nini.

Nikaenda Gongoni kutazama.
Kiwanja ni kile kile cha gwaride, kichuguu pembeni.
Gongo lao ni mguu wa kitanda, mninga mtupu,
alioukereza Mihambo; kitanda chenyewe hakikupata mnunuzi.
Kituo cha kwanza kandambili. Cha pili kifuniko cha ndoo.
Cha tatu gunia: upepo ukilichukua
mkimbiaji hulifuata, na watu hubishana kama inahesabika.
Na pale unapoanzia wanapaita nyumbani.
Unatoka nyumbani, unazunguka kote huko
ili ufike nyumbani. Hiyo ndiyo pointi.
Nilicheka peke yangu.
Babu wa babu yangu alibeba pembe hadi pwani, miezi mitatu kwenda,
akarudi na kaniki na kikohozi.
Hakuna aliyemwandikia moja ubaoni.

Nikafungua daftari, na shida ikaanza,
maana mchezo huu, muda mwingi, ni kusimama.
Mrushaji anafuta kiganja kwenye sketi.
Anatazama. Anafuta tena.
Treni ya Mpanda inapiga honi, inaondoka, yeye bado anafuta.
Halafu kitu kinapita
na kimeshapita,
penseli yangu ingali kwenye kidole gumba cha Kalunde.

Siku tatu. Karatasi kumi na tisa.
Nilipouchora mpira kwenye gongo, likawa embe limebandikwa.
Nilipouchora angani ukawa mwezi,
na nani kanilipa nichore mwezi?
Nikajaribu hata kuuandika, kwa mizani, kama shangazi alivyotufunza:

    Mrushaji karushia, Kalunde kakunja goti,
    Vumbi lote latulia, limeloa lote shati,
    Gongo linamwitikia, na huu ndio wakati

Mshororo wa nne haukuja.
Nilipokuwa natafuta kina, mpira ulishatua nyuma kwa Masunga,
anayeudaka kwa glavu ya mchomelea vyuma.

Ijumaa nikapanda ngazi na makopo manne.
Nikamchora Kalunde akiwa amemaliza kuzungusha,
kiuno kimesokotwa kama nguo inayokamuliwa,
kofia inaondoka, mguu mmoja umeisahau ardhi.
Mpira sikuuchora.

Kalunde alikuja na dada zake, akasimama muda mrefu.
"Sasa hapa nimepiga au nimekosa?"
Nikamwambia sijui, mimi nilikuwa natazama kiuno.
Hakufurahi.
Mwalimu naye akakata elfu tano, bei ya mpira.

Wiki ile ile ukatokea wa kwanza, wa mkaa, juu ya bomba la mvua.
Mwingine wa chokaa, mbali, karibu na dirisha la maabara.
Mmoja chini kabisa: mtoto wa chekechea aliuweka alipofikia.
Mmoja umeng'ata ukingo wa paa, na aliyepanda hajulikani;
mlinzi wa geti anaapa si yeye, vidole vyeupe.

Sasa ni ishirini na kitu.
Jana nilipita na brashi mfukoni, nikidhani nitausafisha ukuta.
Niliwatazama wapitao. Mama mwenye dumu la asali
aliinua kichwa kulia. Mwendesha bodaboda, juu kabisa,
hadi pikipiki ikayumba.
Brashi sikuitoa.

Kalunde alikuwepo, na kipande cha chaki.
Wake hajauweka bado.
Anautazama ukuta. Anafuta kiganja kwenye sketi.
Anatazama. Anafuta tena.