Nimefi—

Bi Mwanakombo alipanda ngazi mwenyewe, saa mbili usiku,
simu mkononi kama anayerudisha maziwa yaliyoganda.
"Binti yangu yuko Maskati. Kasema nimefi—, basi.
Nimefika? Nimefiwa? Nimefilisika?
Mtandao wenu umemeza mwisho wa neno. Nautaka."

Sikuwa nao.
Nilikuwa na kiti, ndoo chini ya kiyoyozi kinachovuja,
na seva moja inayohudumia Ngamiani
toka Barabara ya Tano hadi ya Kumi na Tisa.

Kebo nikaichomoa, nikaifuta, nikairudisha. Si kebo.
Swichi nikaibadilisha. Si swichi.
Nikaiuliza kadi yenyewe kwa amri fupi,
ikanijibu bila haya:
pakiti zilizopokelewa, mamilioni;
zilizodondoshwa, elfu arobaini na nane, mia mbili na tatu.
Nikauliza tena. Na tisa.
Tena. Na ishirini na saba.
Hakuna kengele iliyolia. Pakiti ikianguka haina kishindo.

Karai la kupokelea lilikuwa dogo,
nafasi mia mbili hamsini na sita, kama lilivyotoka kiwandani.
Nikalipanua hadi elfu nne.
Hesabu ikapunguza mwendo, haikuacha.

Ndipo nikavitazama viini vinane vya prosesa.
Cha kwanza kinahema, asilimia mia,
kinaitikia kila hodi ya mji;
saba vimekaa.
Niliwahi kuyaona haya harusini, Chumbageni:
shangazi Mwanshehe na upawa wake mmoja,
foleni ya pilau hadi uani, sahani zinarudi tupu,
na wanawake saba wanatazamana hina.

Nikagawa pawa.

Saa saba kasoro nikauliza: elfu arobaini na nane, mia tisa sitini na moja.
Nikaenda kumwaga ndoo. Nikauliza: ileile.
Haishuki. Asiyejua angengoja ishuke, kama homa.
Hesabu ya vilivyopotea hairudi nyuma,
husimama tu, na kusimama ndiko kupona kwake.
Humo ndani, sijui ya ngapi,
mna -ka, au -wa, au -lisika.

Asubuhi nikampigia. "Mpigie tena mwanao."
Akakaa kimya, nikadhani pakiti.
"Usiku kucha nimelala nalo lile neno," akasema.
"Likiwa nusu halijaniumiza."
Akakata.

Kwenye skrini foleni ya tatu ikatikisika kidogo.
Labda ni yeye.