Gari la Mikate

Miaka ishirini na tisa
upande wake wa kitanda ulipoa saa nane usiku.
Akivaa gizani, akitafuta kiatu cha pili kwa mguu,
kisha mlango wa bati wa gari, paa!
na mimi kubaki macho,
kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Kiwanda kilipofungwa, tajiri alimlipa
nusu ya haki yake kwa pesa na nusu kwa gari.
Mimi nililia.
Nangomwa aling'oa rafu za mikate,
akabakiza moja kwa ajili ya sufuria zangu,
akatandika godoro la futi nne,
akatoboa dirisha, akaligongelea wavu wa mbu.
"Bi Somoe, panda.
Nikakuoneshe nilikokuwa nakwenda."

Hatuna haraka. Gari lenyewe halina haraka:
arobaini kwa saa, mteremko ukitaka.
Mikorosho imechanua kuanzia Mtwara,
na humu ndani bado kunanuka hamira.

Kwake yeye Mikindani si mji, ni mikate sitini.
Sudi ni thelathini,
na deni la marehemu Nakoma, Mungu amsamehe,
mikate kumi na miwili na nusu.
(Ile nusu sikuuliza.)
Alipita gizani akienda,
akarudi akipigana na usingizi, macho kwenye lami.
Basi asubuhi ile Mikindani
alisimama na kikombe cha chai, mume wangu,
mwenyeji wa barabara hii kuliko mashimo yake,
akaniuliza:
"Kumbe bahari iko karibu hivi?"

Mnazi Mmoja askari akatupungia mkono.
Mmebeba nini? Godoro.
Mnakwenda msibani? Hapana.
Harusini? Hapana, mwanangu.
Kuna mgonjwa?
Akalizunguka gari mara mbili,
akaligusa gurudumu kwa ncha ya buti.
"Sasa hiyo safari gani?"
Jibu hatukuwa tumelipanga.
Watu wa kwetu hatufungi safari
bila maiti au bibi harusi.
"Tunatembea tu," nikasema mimi,
na aibu ikanipanda shingoni
kama mwari aliyefumwa dirishani.

Lindi tulipanga siku moja, tukalala nne.
Tulinunua ming'oko ya kuchemsha,
chumvi na pilipili kwenye kipande cha gazeti,
tukamenya, tukatazama pantoni
likienda Kitunda, likirudi, likienda.
Tulihesabu safari zake hadi ya saba,
kisha tukagombana kama ni ya saba au ya nane,
kisha tukaona bora tuanze upya kesho.

Huko ndiko nilikojua kuwa anakoroma.
Si usiku: alfajiri.
Miaka yote nimelala na mtu wa saa nne za kwanza,
huyu wa kukucha simjui.
Anang'ata meno. Anacheka na mtu ndotoni.
Nilikaa nikamtazama hadi jua likapita wavu,
nikamchorea madoadoa usoni kwa kivuli cha kidole.

Mchinga tuligongewa bati kabla ya adhana.
Mama mmoja, kanga begani, noti mkononi:
"Miwili! Ulipotelea wapi wewe?"
Nangomwa akainuka, akanyoosha mkono kwenye rafu,
akashika sufuria.
Tulikuwa na mkate mmoja tu, wa dukani,
umefungwa nailoni, laini kama pamba, hauna harufu.
Akampa. Pesa akakataa.
Mama akaunusa, akamtazama, hakusema neno.
Asubuhi yote ile hakutia gari moto,
nami sikumwambia twende.

Saa nane bado huamka.
Najua kwa pumzi, huwa fupi ghafla.
Mguu wake unapapasa sakafu, unatafuta kiatu.
Lala, namwambia. Tumeshafika.
"Wapi?"
Nachungulia dirishani. Giza, na mbwa mmoja kwa mbali.
Sijui, nasema.
Kukicha tutaona.