Dakika Nne

Kijiji chetu kina nyumba arubaini na moja,
sita zimefungwa kwa kufuli zenye kutu.
Lami inakoma penye tangi la baladia.
Kuanzia hapo ni kokoto,
na kuanzia kokoto, kila mtu anajua umepika nini.

Mimi nimezaliwa Chake Chake,
mahali mvua huanguka bure
na watu wakaitukana kwa kuwalowesha karafuu jamvini.
Huku nimeolewa kwenye ukoo unaorithishana dakika.
Marehemu Msallam aliniachia mitende kumi na mmoja,
mlimau uliopinda,
na nusu saa ya mfereji kila siku ya tisa,
saa nane za usiku.

Miaka thalathini na mbili,
bado mimi ni "yule wa Zinjibari."
Nikisema Pemba, wanaitikia: ndiyo, Zinjibari.
Hata Ghaniya,
ambaye mwanawe wa tatu nilimpokea kwa mikono hii
ndani ya gari, wadi imeteremka kwa kishindo,
njia ya Rustaq haipo tena,
na nesi kwenye simu anakatika-katika:
sukuma... usi... sukuma.
Mtoto yule leo ni askari wa barabarani, Barka.
Akinikuta sikufunga mkanda
hutazama pembeni.

Wanangu huja Alhamisi usiku kutoka Maskati,
hula, hulala, husema mtandao hauvuti.
Mama, uza.
Jumamosi hubeba ndimu kavu kwenye mifuko
na vumbi la gari lao hukaa juu ya nguo nilizoanika
mpaka Jumapili.

Zamani zamu zilipimwa kwa nyota:
ikichungulia pale mlima ulipovunjika jino, zibua.
Siku hizi tuna simu.
Nyota na simu hazipatani. Dakika nne.
Kwa dakika hizo kijiji kiligawika,
Ramadhani watu wakafuturu mikeka miwili,
na Shafikul dukani akauza sukari pande zote
na kumkubalia kila mmoja.
Sasa, anayenifuata kwenye zamu ni Ghaniya.
Kwa simu, dakika nne ni zangu.
Kwa nyota, ni zake.
Tulinuniana tangu ndimu zichanue
hadi zikauke juani,
na kuku wake niliwafukuza
kwa sauti ya kusikiwa na mwenyewe.

Usiku ule nilishuka na tochi na kandambili za marehemu.
Nikazibua: jiwe, na tambara lililolivika.
Maji yakaingia kama mgeni anayeijua nyumba,
yakapita chini ya mlimau bila kubisha hodi,
yakaenda moja kwa moja kwa mitende.
Nikainua kichwa.
Ghaniya yuko ukingoni, amekaa,
buibui amelikunja magotini.

Nusu saa hatukusema.
Simu yangu ikalia: kwisha. Ilikuwa imebaki... hapana,
niseme kweli, simu ilisema bado nne.
Juu, vumbi lilikuwa limeifunika nyota yake.
Neno moja tu la Kiswahili amelishika kwangu,
na hulitumia kwa mbuzi.
"Hebu," akaniambia,
akapapasa saruji pembeni yake.

Nikaziba kwangu. Hakuzibua kwake.
Tukatia miguu.
Baridi ilipanda mpaka kwenye magoti, yangu mabovu la kulia,
yake la kushoto.
Alinena habari za sukari yake, imepanda.
Nikamwambia za sukari yangu.
Na maji, kwa kuwa hayana mwenyewe,
yakatupita, yakateremka,
yakaenda huko chini yanakokwendaga yasipoitwa.

Asubuhi mkunazi wa makaburini,
usio na zamu kwa nyota wala kwa simu,
ulikutwa na tope bichi shinani,
na Mhenna akasimama mlangoni mwa msikiti
akikiuliza kijiji kizima
ni nani ameiba maji.