Fundo

Mwaka jana niling'oa mche mmoja wa soya,
hapa Naipanga, upande wa kichuguu,
nikakuta mizizi imejaa vifundo,
nikapiga kigelegele peke yangu.
Si tulifundishwa? Vinundu mizizini ni neema,
mbolea inayojipika yenyewe chini.

Nikamwita bwana shamba Nnunduma aje aone utajiri.
Akaukwangua mzizi kwa ukucha. Hakikubanduka kitu.
"Cha neema hubanduka kama gaga,
ukikipasua, ndani chekundu kama ufizi wa mtoto.
Hiki ni mzizi wenyewe umevimba, mama.
Una wageni."

Minyoo,
myembamba hata jicho haliioni.
Ekari nzima nikavuna madebe mawili na nusu.
Fundo likahamia kooni.

Desemba hii nimefungua fundo jingine, la pindo la kanga,
fedha ya korosho, ya mwisho,
nikanunua dawa ya mbegu, kichupa kimo cha kidole.
Kilo kumi ndani ya karai.
Maji kiasi, mbegu isilowe ikachubuka.
Mikononi mifuko ya nailoni, puani mtandio,
nikageuza taratibu kama ninayemwogesha kichanga
mpaka kila punje ikawa ya waridi.
Nikazianika kivulini, kuku nimewafungia.

Mjukuu wangu Sikujua akachungulia mlangoni:
"Bibi, hizo pipi?"

Hapo ndipo karai lilipokuwa zito.
Asubuhi ile kilo kumi zilikuwa bado na njia mbili,
ya chungu na ya ardhi,
na ghalani panya wenyewe wamehama.
Mkono wangu umeziba njia moja.
Mbegu iliyopakwa haipikwi, haisagwi uji,
haiuzwi hata kwa adui.

Na Nnunduma hakunidanganya:
dawa haisafishi shamba,
humlinda mche siku zake za utoto, majuma machache,
kisha ajitetee mwenyewe kwa mizizi aliyopata.
Minyoo ipo. Inajua kungoja.

Mvua ilipotia udongo mwekundu harufu,
nikapanda, nikafukia kwa kisigino,
kichupa nikakizika mbali na kisima.
Nikanawa mara tatu kwa sabuni ya mche.
Chini ya ukucha wa gumba waridi haukutoka.

Usiku ule nilikula muhogo kwa kijiko.