Swali la Kumi na Saba

Zimebaki siku tatu, na treni ya kwenda Kigoma mjini
haimngoji mtu anayetafuta miwani.
Nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua,
daftari gotini, taa ya sola imeanza kuchoka,
na binti yangu Nyabenda ananihoji
kwa sauti aliyoiazima kwa mwalimu wake wa sayansi.

"Baba, taja kazi ya valvu ya usalama."

Miaka kumi na tisa nimekula ugali kando ya valvu hiyo.
Najua inavyopiga chafya kabla ya kufoka.
Najua ni boliti ipi ina kutu, na ni nani aliyeikaza vibaya.
Lakini nikifungua mdomo
unatoka mvuke mtupu.

"Kulinda chombo."
"Dhidi ya nini?"
"Dhidi ya kupasuka. Na dhidi yetu sisi."
Ananipa nusu alama. Mtoto huyu hana huruma.

Pale kiwandani walibandika tangazo
karibu na bomba la maji ya kunywa:
asiye na cheti cha fundi mitambo ya uchakataji
ifikapo Julai atahamishiwa kwenye magunia.
Gundi ilikuwa bado mbichi tulipolisoma,
mimi, Ntibazi, na Bukuru wa zamu ya usiku.
Bukuru alirudia mara mbili, kidole kikifuata mstari,
kisha akauliza kama na magunia yana mtihani.

Yapo maneno yaliyonipenda tangu siku ya kwanza.
Myeyusho shibe, kwa mfano:
maji yaliyokula chumvi hadi yakasema basi,
ukiongeza punje moja inalala chini, haina mwenyeji.
Hilo sikulikariri. Hapa Uvinza
hata sufuria zetu zinalijua.

Yapo na yaliyonikataa.

"Shinikizo likivuka mstari mwekundu,
hatua ya kwanza ni ipi?
A, kumwita msimamizi. B, kupunguza moto.
C, kuondoka eneo la hatari."

Nikanyamaza.
Kumbe na ukimya una geji yake.
Butoyi, pacha wa Bukuru, aliwahi kujibu swali hili
usiku, bila karatasi.
Alilowesha gunia, akajifunga mikononi,
akaifuata valvu ilipokuwa.
Jibu lake halimo kwenye A wala B wala C.
Siku hizi anauza vocha pale stesheni,
na kadi za kukwangua huwakwangulia wateja kwa meno,
maana vidole vilishikana.

"Baba?"
"B."
"Sahihi," akasema, akafunua ukurasa.

La kumi na saba ndilo linalonilaza macho.
Kavitesheni. Nalitamka kama mtu anayetafuna mfupa.
"Eleza," anasema Nyabenda, na mimi naangalia paa.
Anisomee basi: ni viputo vya mvuke
vinavyozaliwa na kupasuka ndani ya pampu
pale upande wa kuvuta unapokosa maji ya kutosha.
Nimeandika mara sita. Mara sita limenitoroka.

Ndipo upepo ukageuka, ukaja kutoka upande wa kiwanda.

"Nyamaza kidogo."
"Nini?"
"Pampu namba mbili. Inatafuna kokoto."

Tukasikiliza wote wawili, kalamu hewani.
Krr, krr, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe
kwenye sinia la bati.
Kichujio kimeziba, au kuna aliyesahau
kufungua valvu ya kuvutia hadi mwisho.
Bukuru yuko zamu. Bukuru, amka.
Nilishavaa buti moja.
Nikahesabu: tisa, kumi, kumi na moja.
Kwenye kumi na nne sauti ikalainika,
pampu ikameza maji kama mtoto aliyekuwa na kwikwi.

Nikakaa. Jasho lilikuwa limefika kwenye daftari.
"Hiyo ndiyo kavitesheni," nikamwambia.
"Miaka yote hii sisi tunaiita kokoto."

Nyabenda akafikiri, akalamba ncha ya kalamu.
"Nusu," akasema. "Hujataja viputo."