Mawese Hafuati Mwezi

Hapa Kibirizi tunaishi kwa mwezi.
Ukiwa giza, mitumbwi inatoka na taa zake;
ukijaa, wavuvi wanalala, mikeka ya dagaa inabaki mitupu,
na mimi napiga hesabu ya madeni
kwa mkaa, ukutani, nyuma ya mlango.
Basi paka wangu alipoanza kulia
nikadhani naye ni wa mwezi.

Jina lake Mawese, kwa rangi.
Hajatimiza hata miezi sita
usiku ule alipojiburura sakafuni kama aliyevunjika kiuno,
akajigaragaza, akaupinda mkia pembeni,
akalia kama mtoto aliyesahauliwa kisimani.
Mwavita wa jirani akaja na ubani.
"Huyo ametumwa."
Nikampapasa masikio: hana homa.
Nikamkanda mgongo: akazidi kujiinua.
Juu ya bati madume watatu wanagombana,
yule wa bandarini mwenye sikio moja,
mweusi wa msikitini,
na wa Kashindi, mnene, hajawahi kukamata panya.

Nikachora mstari kando ya deni la Mama Nyandwi.
Siku saba kelele.
Kumi na mbili kimya. Kelele.
Mwezi mpevu, kelele; mwezi haupo, kelele.
Kisha usiku mmoja nikasahau dirisha,
na baada ya siku mbili tatu sauti ikakatika.
Nikaendelea kuhesabu: mistari sitini na minne.
Watoto wanne ndani ya beseni la dagaa.

Hao wanne hawajaacha ziwa
mama yao akaanza tena kujipinda.
Wakaja watano.

Sitaficha.
Hao watano niliwatia kwenye mfuko wa salfeti,
kama alivyofanya mama yangu, na mama yake,
nikashuka ziwani alfajiri.
Mfuko ulikuwa mwepesi kuliko kilo ya dagaa.
Mawese aliwatafuta siku nne,
chini ya mikeka, ndani ya karai, ndani ya viatu vyangu.
Mistari ya siku hizo sikuichora.

Bukuru, kijana wa mifugo kutoka Kasulu,
alikuja kuchanja mbwa wa mtaa,
akasimama nyuma ya mlango akiusoma ukuta wangu.
"Mama, umehesabu vizuri, ila umekosea taa.
Paka hafuati mwezi. Hufuata jua.
Mchana ukirefuka, joto linampanda;
asipopandwa, linarudi, na linarudi tena.
Na huku kwetu, jua lini limepunguza saa?"

Miaka hamsini na mitatu,
hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba kile kilio si uchawi wala uhuni,
ni mwili unautii mchana.

Tukangoja maziwa yakauke.
Nikalipa sado tatu za dagaa, na nauli yake.
Wakati anamfunga kizazi kwenye meza ya bati kule Mwanga
nilikaa nje natetemeka
kama nilivyokaa nje ya leba ya binti yangu.
Akarudi kikapuni, ubavu umenyolewa,
nyuzi nne, macho mazito,
akaramba kidole changu kwa sababu kilinuka samaki.

Barazani walicheka.
Nilimwambia Kashindi, na dume lako je?
"Dume? Unataka kuiaibisha nyumba yangu?"
Nikasema, basi njoo ulee wanawe.
Wenzake wakacheka tena, safari hii wakimtazama yeye.

Wale wanne wa kwanza, watatu wameshachukuliwa.
Niliwashikilia hadi miezi miwili,
Mwavita alitaka wake akiwa bado anayumba, nikamkatalia.
Amebaki Kauzu, wa kijivu, jike.
Jana jioni alijigaragaza sakafuni,
mara moja tu, labda mchezo.

Nikachukua mkaa.
Sikuchora mstari.
Nimeandika namba ya Bukuru, kubwa,
juu ya deni la Mama Nyandwi, atanisamehe,
nikafunga dirisha.
Nje mwezi umejaa pomoni.
Haumhusu.